Aliyeuawa na Wengi

Kwa kawaida saa hii huwa tunazungumzia ushindi, na Kenya hatukosi ushindi wa kuuzungumzia. Leo niruhusu nianze na mbio ambazo tulishika mkia.

Ni Seoul, Korea Kusini, tarehe 1 Oktoba 1988. Fainali ya wanaume ya kupokezana vijiti, wakimbiaji wanne, kila mmoja mita 400. Wamarekani walishinda kwa dakika 2 na sekunde 56.16, wakaifikia rekodi ya dunia iliyokuwapo tangu Mexico mwaka 1968. Timu zilikuwa nane, na Kenya ilimaliza ya nane. Hakuna aliyelalamika nyumbani, maana nchi ilikuwa imeshiba dhahabu. Paul Ereng alikuwa ameshinda mita 800, Peter Rono mita 1,500, John Ngugi mita 5,000, Julius Kariuki mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na ulingoni Robert Wangila alikuwa amempiga Mfaransa kwa nokauti. Douglas Wakiihuri akaongeza fedha ya marathon. Yasikilize tena majina hayo, Ereng, Rono, Ngugi, Kariuki, Wangila, Wakiihuri. Sauti ya Kenya, kabla haijawa KBC, iliyasoma kwa pumzi moja, na aliyekuwa akisikiliza katika kioski cha chai alipiga meza kwa kila jina bila kuuliza mwenyewe ametoka mlima gani au ziwa gani.

Katika timu ile iliyomaliza ya nane alikuwamo Lucas Sang.

Kwa wasiofuatilia riadha, niseme jambo moja kuhusu mbio hizi. Katika kupokezana kwa mita 100, anayepokea kijiti haangalii nyuma. Anatoka mbio, ananyoosha mkono, anaamini kwamba mwenzake atakitia kiganjani. Mita 400 haziruhusu hivyo. Anayeleta kijiti amekwisha, miguu imejaa asidi, shingo imekakamaa, pengine anayumba. Kwa hiyo anayepokea husimama ubavu, kichwa amekigeuza, macho kwa mwenzake. Anampima. Amebakiwa na nguvu kiasi gani? Nikitoka sasa atanifikia, au nitamwacha na kijiti mkononi? Akikosea hesabu, mwenzake anaanguka ndani ya lile eneo la mita 20 na mbio za wote wanne zimeishia hapo. Watu waliowahi kukimbia pamoja hivi wanajuana kwa namna ambayo mchezaji wa mpira na mwenzake pengine hawajuani. (Najua wapenzi wa kandanda watanipigia simu kwa hilo. Karibuni.)

Lucas Sang aliuawa tarehe 31 Desemba 2007, katika eneo la Eldoret, akiwa na umri wa miaka 46. Habari zilizotolewa wakati ule zilisema alipigwa kichwani, kisha mwili wake ukachomwa moto. Aliyemuua hakuwa mtu mmoja. Lilikuwa kundi.

Wengi wetu tunaikumbuka wiki ile, ingawa tumejizoeza kutoizungumzia. Tulipiga kura Alhamisi, tarehe 27. Jumapili jioni, tarehe 30, Samuel Kivuitu wa Tume ya Uchaguzi akamtangaza Mwai Kibaki mshindi, na kabla giza halijaingia sawasawa Rais alikuwa amekwisha kula kiapo Ikulu. Jioni hiyohiyo serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Sisi wa redio tulikuwa na vipaza sauti na mitambo, lakini hatukuruhusiwa kumweleza mtu wa Langas au Burnt Forest kinachotokea kwake kwa saa ileile. Kazi yetu ikachukuliwa na ujumbe wa simu usio na mwenyewe: wanakuja kutoka upande ule, wameshachoma huku, fulani ameuawa, jitayarisheni. Kufikia Jumatatu asubuhi barabara zilikuwa na mawe na magogo, na kwenye kizuizi vijana walidai kitambulisho. Walisoma jina kwanza. Uso ulifuata baadaye, kama ulifuata.

Jumatatu hiyo ndiyo siku aliyouawa Sang. Ndiyo siku ambayo Luke Kibet, bingwa wa dunia wa marathon aliyekuwa ametawazwa Osaka miezi minne tu kabla, alipigwa jiwe kichwani mjini Eldoret. Kesho yake, Mwaka Mpya, kanisa la Kiambaa lilichomwa likiwa na akina mama na watoto ndani. Wiki tatu baadaye, tarehe 21 Januari, Wesley Ngetich, aliyeshinda mara mbili marathon ya Grandma's kule Duluth, Marekani, aliuawa kwa mshale wa sumu Trans Mara.

Msikilizaji atakuwa ameanza kuuliza, waliomuua Sang walikuwa kabila gani? Swali hilo silijibu, na siogopi kulijibu. Silijibu kwa sababu ndilo lililotufikisha pale. Waliochoma Kiambaa nao wana kabila, na waliowafukuza watu Naivasha wana kabila, na kila upande una orodha yake ya wafu wa kumwonyesha mwenzake anapoulizwa habari za wafu wake. Kabila haliokoti jiwe. Aliyeokota jiwe ana jina, ana kitambulisho chenye nambari, ana mtu aliyemwona akirudi nyumbani jioni ile.

Sasa fikiria kumlilia mtu aliyekufa hivyo. Kwetu msiba una utaratibu wake. Watu hukusanyika, harambee huitishwa, kamati ya mazishi huketi, na mwanariadha akifariki wenzake huja wamevaa suti za mazoezi za timu ya taifa, wakabeba jeneza wao wenyewe. Januari ya 2008 barabara zilikuwa zimefungwa, petroli haikupatikana, na mochari ya Hospitali ya Rufaa ya Moi pale Eldoret ilikuwa ikipokea maiti kila saa. Aliyetaka kwenda kuhani alilazimika kwanza kupiga hesabu ya vizuizi vilivyo njiani na majina yanayopita katika kila kimoja. Mkimbiaji mwenza wa jina lisilofaa hakuweza kufika, hata kama miaka ishirini kabla ya hapo alikuwa akilala chumba kimoja na marehemu kambini. Na hata kundi la vijana wanaokimbia alfajiri, jambo ambalo kule ni la kawaida kama jogoo kuwika, likawa la kuogofya, kwa sababu watu wengi wanaokimbia pamoja gizani wangeweza kuwa chochote.

Mambo hayakuishia hapo. Baadaye ikatoka ripoti ya nje iliyodai kwamba baadhi ya wanariadha walihusika na wavamizi wa upande mmoja. Wanariadha wakakanusha kwa ukali. Sikusudii kuifufua hoja hiyo leo. Ninachotaka uone ni kwamba watu waliokuwa wakizika wenzao walijikuta wakijitetea, na mtu anayejitetea hana nafasi ya kuuliza ni nani aliyemuua rafiki yake.

Agosti ikafika, na Samuel Wanjiru akatupatia Beijing dhahabu ya kwanza ya Kenya katika marathon ya Olimpiki. Nchi iliyokuwa ikichinjana miezi saba kabla ikasimama kumshangilia. Sisi watangazaji, nami nikiwa mmoja wao, tuliusema usemi wetu: michezo inatuunganisha. Ni kweli, inatuunganisha. Mbio za amani zimefanya kazi nzuri, na Tegla Loroupe alikuwa ameshaanza kuwakimbiza mahasimu wa Kaskazini mwa Bonde la Ufa pamoja tangu mwaka 2003, kabla wengi wetu hatujaona haja. Lakini mbio za amani hazifungui jalada la mauaji. Nahisi tulimtumia mwanariadha kama plasta. Tulimwomba aliyefiwa awe wa kwanza kukimbia kilomita kumi akiwa amevaa fulana iliyoandikwa amani, tukampigia makofi, tukaenda nyumbani tukijua hatatuuliza kitu.

Upande wa haki, historia inajulikana na nitaipita haraka. Tume ya Jaji Philip Waki ilikabidhi ripoti Oktoba 2008 na kuhesabu waliokufa 1,133, kati yao 744 Bonde la Ufa peke yake. Ikapendekeza mahakama maalum ya hapa nyumbani. Februari 2009 Bunge likaukataa mswada. Bahasha yenye majina ya washukiwa ikaenda kwa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague, watu sita wakatajwa Desemba 2010, wanne wakathibitishiwa mashtaka, na kesi zote zikasambaratika. Ya Uhuru Kenyatta iliondolewa Desemba 2014, na ya William Ruto na Joshua arap Sang ikafutwa Aprili 2016, majaji wawili dhidi ya mmoja, bila hukumu ya hatia na bila ya kutokuwa na hatia.

Hapo kwenye jina la mwisho nitatua kidogo. Joshua arap Sang ni Sang mwingine, na niwie radhi kama masikio yako yaliwaunganisha. Huyu alikuwa mtangazaji wa redio. Alishtakiwa kwa mambo yaliyodaiwa kuwa yalisemwa hewani, akayakana, na kesi ikaishia nilikosema. Lakini Tume ya Waki ilikuwa imekwisha kuvitaja vituo vya lugha za mama kwamba vingine vilichochea chuki, na sidhani kuna mtangazaji nchini humu aliyekaa mbele ya kipaza sauti baada ya hapo kama alivyokuwa akikaa zamani. Tulijifunza kuogopa tunachosema. Hatukujifunza, kwa maoni yangu, kuogopa tunachokinyamazia. Kesi za The Hague zilikuwa kesi za wakubwa, nani alipanga, nani alitoa fedha, na sisi tulizitangaza kama ligi, kila kambi na mashabiki wake. Kifo cha mtu mmoja katika eneo la Eldoret hakikuwa na kambi ya kukishangilia, kwa hiyo hakikuwa na dakika hewani.

Na kesi za hapa nyumbani? Chukua ile iliyojulikana kuliko zote. Washtakiwa wanne wa moto wa Kiambaa walifikishwa Mahakama Kuu ya Nakuru. Aprili 2009 Jaji David Maraga, ambaye baadaye alikuwa Jaji Mkuu, aliwaachilia kwa upungufu wa ushahidi, na akaukosoa vikali uchunguzi wa polisi. Kanisa liliteketea mchana, majirani wakitazama, nchi nzima ikaona picha, na bado serikali haikuweza kumweka mtu kizimbani akabaki hapo. Kama Kiambaa ilishindikana, familia ya mtu mmoja aliyeuawa njiani ingekwenda kwa nani? Machi 2015 Rais Kenyatta aliomba msamaha kwa niaba ya serikali na kutangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa waathiriwa. Fedha husaidia. Hazisemi ni nani.

Kuna jambo linalonisumbua kuliko hayo yote, na ndilo lililonifanya nikuletee mazungumzo haya.

Mwaka 2021, mwezi Oktoba, mkimbiaji Agnes Tirop alikutwa ameuawa nyumbani kwake Iten. Mume wake alikamatwa Mombasa kesho yake. Wanariadha wenzake hawakukaa kimya hata wiki moja. Walijitokeza, wakazungumza, wakaunda Tirop's Angels, kikundi kinachopigana na unyanyasaji wa wanawake, na jina lake halijatoka midomoni mwa watu. Kisha Benjamin Kiplagat, mkimbiaji wa Uganda mzaliwa wa Kenya, alikutwa ameuawa kwa kisu ndani ya gari viungani mwa Eldoret. Tarehe 31 Desemba 2023. Mji uleule na tarehe ileile, miaka 16 kamili baada ya Sang. Kamera za barabarani zikatazamwa, na ndani ya siku mbili washukiwa wawili walikuwa mikononi mwa polisi.

Kwa hiyo uwezo tunao. Polisi wanajua kuchunguza kifo cha mwanariadha, na wanariadha wanajua kumdai mwenzao. Tofauti iko wapi? Utaniambia mwaka 2007 hakukuwa na kamera, na nchi ilikuwa inawaka. Nakubali nusu. Lakini angalia pia idadi ya wauaji. Muuaji akiwa mmoja au wawili, tunauliza nani. Wakiwa hamsini, tunauliza kwa nini, tunapewa jibu la siasa au la ardhi au la hasira, na jibu hilo linatutosha. Ndivyo tunavyofanya hata leo mtaani, kijana akipigiwa kelele za mwizi na kuvishwa tairi. Taarifa yetu ya habari inasema wananchi wenye hasira walimuua mshukiwa, mkuu wa kituo cha polisi anasema uchunguzi unaendelea, na tunaingia kwenye hali ya hewa. Nimeisoma taarifa ya namna hiyo mara nyingi sana kwa sauti yangu hii.

Na kwa timu jambo lina uzito wa pekee, maana kundi si watu wa mbali. Aliyekuwa pale anaweza kuwa binamu wa mtu mnayefanya naye mazoezi. Anaweza kuwa shabiki aliyekupigia makofi Kipchoge Keino Stadium. Ukidai ukweli unadai kutoka kwa watu utakaokutana nao sokoni Jumamosi. Simlaumu mkimbiaji aliyenyamaza. Nalaumu vyama na mashirikisho, ambavyo vina ofisi, vina wanasheria, na vinajua kuandika barua kali sana pale posho ya safari inapochelewa.

Sheria yenyewe haina shida na wingi wa wauaji. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 21, inasema watu wawili au zaidi wakiwa na nia moja ya kutenda jambo lisilo halali, na katika kulitenda kosa likafanyika ambalo lilitarajiwa kutokana na nia hiyo, kila mmoja wao huhesabiwa kuwa amelitenda. Aliyerusha jiwe, aliyeshika mikono, aliyeleta mafuta, wote wamo. Upande wa mashtaka haulazimiki kuonyesha ni jiwe la nani lililoua. Na mauaji hayana muda wa kumalizika kisheria, yawe ya mwaka jana au ya Desemba ile. Mwanasheria yeyote anayekwambia kundi haliwezi kushtakiwa anakwambia kwamba hataki kazi hiyo.

Ipo njia nyingine ya chini, isiyo na kelele. Ni uchunguzi wa kifo mbele ya hakimu, ulio ndani ya sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai, pale kifo kinapokuwa na mashaka na hakuna mtu wa kushtakiwa bado. Hakimu huita mashahidi, daktari husoma ripoti yake, na mwisho huandikwa marehemu alikufaje na, ushahidi ukiruhusu, kwa mkono wa nani. Tangu mwaka 2014 pia tuna Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa, inayoipa familia ya aliyeuawa nafasi ya kusikika mahakamani, pamoja na wakili wake, badala ya kukaa benchi la nyuma ikisikiliza mambo yake yakizungumzwa na wengine. Wakili hulipwa. Timu ya taifa ya nchi hii imewahi kuchanga kwa mambo madogo kuliko hilo.

Kinachobaki ni shahidi, na hapo ndipo pagumu kweli. Shahidi wa mauaji ya kundi mara nyingi ni jirani. Anasaga mahindi kwenye posho mill moja na mtu anayetakiwa kumtaja, watoto wao wanapanda matatu kwenye stage moja, na akitoa taarifa asubuhi itakuwa imefika kwenye stage hiyo kabla ya saa sita. Tuna Shirika la Kulinda Mashahidi kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2006, lakini The Hague ilituonyesha mashahidi wakijiondoa mmoja baada ya mwingine, na hiyo ilikuwa kesi iliyotazamwa na dunia nzima. Sembuse hii.

Hata hivyo miaka inabadilisha watu. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 kwenye kizuizi kile si kijana tena. Ana mke, ana ada za shule za kulipa, labda mtoto wake mmoja ameanza kukimbia mbio za shule na analetewa viatu. Wako walioshika jiwe na hawajalala vizuri tangu siku ile. Wako waliotazama tu dirishani. Hao wa dirishani ndio ninaozungumza nao jioni hii.

Usinipigie simu studio. Najua nimezoea kuwaomba mpige, na nambari mnaijua, lakini jina la muuaji likitajwa hewani litakuhatarisha wewe, litamharibia mahakamani atakayeendesha kesi, na mimi sina ulinzi wa kukupa. Nenda kwa wakili unayemwamini, au ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma pale Eldoret. Omba taarifa yako iandikwe, isome kabla hujatia sahihi, na udai nakala.